Lisemwalo Laja, Ila Si Septemba Hii

Mwishoni mwa Agosti 2021 nilimzuia shemeji yangu asinunue kitu alichokihitaji kweli, na sababu niliyompa ilikuwa tetesi. Yeye ni nahodha wa boti ya abiria na mizigo kati ya Nyamisati na Kilindoni, kisiwani Mafia, njia ambayo ukishaiacha mikoko ya Rufiji nyuma yako mtandao wa simu hufifia, hukatika kabisa, kisha hurudi pale unapoanza kuiona minazi ya upande wa pili. Alikuwa amekusanya fedha za kununua simu ya setilaiti, ile ya kizamani yenye antena nene kama kidole gumba, na alinipigia kuniuliza kama bei aliyotajiwa ilikuwa ya haki. Nami, ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia tetesi za simu kwa shauku ileile ambayo wenzangu hufuatilia tetesi za usajili wa wachezaji, nikamwambia avute subira wiki tatu tu, kwa sababu iPhone iliyokuwa ikija ingewasiliana na setilaiti yenyewe, bila antena ya nje.

Sikuyatunga hayo. Siku zilezile Ming-Chi Kuo, mchambuzi aliyekuwa akifanya kazi TF International Securities na ambaye amejijengea jina kwa kuzungumza na watengenezaji wa vipuri barani Asia, alikuwa ameeleza kwamba iPhone 13 ingekuwa na vifaa vya kuwasiliana na setilaiti za mzunguko wa chini, na kwamba huenda mtumiaji angeweza kupiga simu na kutuma ujumbe mahali pasipo na mnara wowote. Nakiri pia kwamba haikupita hata siku mbili kabla Bloomberg haijaandika kuwa Apple ilikuwa ikiandaa huduma hiyo kwa ajili ya dharura tu, na kwamba haikuelekea kuwa tayari kabla ya mwaka uliofuata. Taarifa hiyo ya pili niliisoma. Niliisoma kama mtu anavyosoma masharti ya mkopo baada ya kuwa ameshaamua kukopa.

Tarehe 14 Septemba 2021 iPhone 13 ilizinduliwa ikiwa na pengo dogo zaidi la kamera ya mbele juu ya kioo, betri kubwa zaidi, na katika matoleo ya Pro, kioo kinachojichora upya hadi mara 120 kwa sekunde. Kuhusu setilaiti halikusemwa hata neno moja. Shemeji hakulalamika, maana si mtu wa kulalamika, alinitumia ujumbe wa sauti akiuliza kwa upole, "Shemeji, hizo wiki tatu zako zina siku ngapi?" Mwezi Novemba alinunua simu yake ya antena, na anayo mpaka leo.

Jambo lililonikaa kichwani baada ya hapo ni kwamba tetesi ile haikuwa uongo. Tarehe 7 Septemba 2022 Apple ilitangaza iPhone 14 ikiwa na uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti za kampuni ya Globalstar, na huduma ilianza Marekani na Kanada mwezi Novemba mwaka huo. Kitu kilichovumishwa kilikuwapo, na kilichokosewa ni mwaka. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na ninaona kwamba sisi wapenzi wa simu tumeishika nusu ya kwanza tu ya methali hiyo. Nimerudi nyuma katika tetesi nyingi nilizowahi kuziamini, na zile zilizotoka kwa watu wanaokijua kiwanda zimekosea kalenda mara nyingi zaidi kuliko zilivyokosea kitu chenyewe.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria jinsi habari inavyotoka. Simu haivuji kwa sababu kuna mtu mmoja msaliti anayejua kila kitu. Huvuja kwa sababu inaundwa na mamia ya vipuri kutoka kwa watengenezaji wengi, na kila mmoja wao anajua kipande chake. Anayetengeneza kioo anaijua mipaka ya kioo, anayechonga fremu anajua matundu yako wapi, anayekusanya kamera anajua lenzi ni ngapi, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwa hakika kama kipande chake kitaingia katika simu ya mwaka huu, au ya mwaka ujao, au kitabaki kuwa jaribio lililolipiwa na kuachwa. Kwa hiyo mchambuzi anapomwuliza anajibiwa kwa ukweli kwamba kipande kipo, kisha mchambuzi huyo analazimika kukisia mwenyewe kitatumika lini. Yale makisio ndiyo yanayofika kwetu yakiwa yamevaa joho la habari.

Ndiyo maana umbo la nje huvuja mapema na kwa usahihi zaidi kuliko kitu kingine chochote. Watengenezaji wa makava wanataka bidhaa yao iwe dukani siku ambayo simu inatoka, na kava haliwezi kukatwa bila vipimo, hivyo michoro ya kompyuta yenye vipimo vya simu huzunguka miezi mingi kabla ya uzinduzi. Steve Hemmerstoffer, Mfaransa anayefahamika zaidi kwa jina la OnLeaks, amepata sifa yake kwa picha zinazochorwa kutokana na michoro ya aina hiyo. Vilevile kuna mamlaka za mawasiliano ambazo lazima zikague simu kabla haijauzwa. Kwa miaka mingi orodha za TENAA nchini China zimekuwa chemchemi ya picha na vipimo, na nyaraka za FCC za Marekani hutoa dondoo, ingawa kampuni huruhusiwa kuomba picha zifichwe kwa muda. Hata hapa kwetu TCRA hutaka kifaa kiidhinishwe kabla ya kuingia sokoni, ila sijawahi kuona mpenzi wa tetesi akikesha kwa ajili ya orodha ya TCRA, na nadhani hilo linasema kitu kuhusu mahali tulipo katika foleni ya dunia.

Programu nayo huvujisha. Mwishoni mwa Julai 2017 Apple iliachia mapema programu ya spika yake ya HomePod, ambayo yenyewe ilikuwa haijaanza kuuzwa, na wasanidi walioifungua wakakuta ndani yake mchoro wa simu isiyo na kitufe cha mbele na yenye pengo juu ya kioo, pamoja na marejeo ya mfumo wa kutambua uso. Wiki chache baadaye, tarehe 12 Septemba, iPhone X ilipotangazwa kwa bei ya kuanzia dola 999, umbo lake lilikuwa limeshazoeleka kiasi kwamba watu walikuwa wanabishana kuhusu rangi. Ila katika miezi ileile kulikuwa na tetesi nyingine, yenye nguvu sawa, kwamba simu hiyo ingesoma alama za vidole chini ya kioo. Haikusoma. Teknolojia yenyewe iliingia sokoni mapema mwaka 2018 katika simu ya Vivo, X20 Plus UD, na leo ni jambo la kawaida kwenye simu nyingi za Android, huku Apple ikiendelea kuisusia. Kitu kilikuja, lakini katika nyumba ya jirani.

Hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2011 ilivumishwa kwamba iPhone iliyokuwa ikija ingekuwa pana zaidi na nyembamba upande mmoja kama tone la maji, na baadhi ya watengenezaji wa makava waliiamini tetesi hiyo hadi wakaanza kuzalisha makava ya umbo hilo. Tarehe 4 Oktoba 2011 ikatangazwa iPhone 4S, yenye umbo la simu iliyoitangulia, na makava yale yakabaki bila simu ya kuyavaa. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Picha za iPhone 5 zilivuja zikiwa sahihi, na kampuni moja ya China, Goophone, ikaonyesha simu yake ya Android iliyonakili umbo hilo kabla Apple haijaitangaza iPhone 5 yenyewe. Nakala ikatangulia asili! Aliyewahi kuzunguka Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo miaka hiyo atakumbuka simu za namna hiyo, zilizofanana na ndugu zao wa kweli mpaka pale ulipoiwasha, na atakumbuka pia jinsi nyingi zilivyogeuka saa za mezani usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia.

Sasa, tetesi zinazohitaji tahadhari zaidi ni zile zinazohusu kitu ambacho kiwanda bado kinaweza kukibadilisha, na mfano wake bora ni vitufe vya iPhone 15 Pro. Oktoba 2022 Kuo alieleza kwamba vitufe vya sauti na cha kuwashia vingekuwa vya kudumu, yaani visivyobonyea kabisa, bali vingehisi mgandamizo wa kidole na kumrudishia mtumiaji mtetemo unaomdanganya kwamba amebonyeza kitu, kama kitufe cha mbele cha iPhone 7 kilivyofanya. Alisema hata idadi ya injini za mtetemo ndani ya simu ingepanda kutoka moja hadi tatu. Hayo hayakuwa maneno matupu, kwani Cirrus Logic, kampuni ya chipu ya Austin, Texas, nayo iliwaandikia wanahisa wake kwamba ilitarajia kuingiza kipuri kipya katika simu janja mwaka uliofuata. Kisha Aprili 2023 Kuo akaandika kwamba mpango umeachwa kutokana na matatizo ya kiufundi ambayo hayakutatuliwa kabla ya uzalishaji mkubwa, na muda si mrefu Cirrus nayo ikawaeleza wanahisa wake kwamba bidhaa mpya waliyoitazamia haitarajiwi tena kuingia sokoni kama ilivyopangwa, bila kumtaja mteja. Simu ilipotoka Septemba ilikuwa na vitufe vya kubonyea kama kawaida, na kimoja kipya cha kupangiwa kazi.

Kisa hicho kilinifundisha kusoma barua za wanahisa, kazi inayochosha kuliko kusoma mitandao ya wavujishaji lakini yenye mwandishi anayewajibika kisheria kwa anachokisema. Simu hupitia ngazi kadhaa za majaribio kabla ya kuzalishwa kwa mamilioni, na katika ngazi za mwanzo bado inawezekana kurudisha kitufe cha kawaida bila kuharibu ratiba. Tetesi iliyozaliwa katika ngazi hizo ni taarifa ya kweli kuhusu nia, na nia, kama tunavyojua sote tuliowahi kuanza kujenga nyumba, haiezeki paa.

Tofauti na hizo ni tetesi ambazo zina sheria nyuma yake. Ilipovumishwa Mei 2022 kwamba iPhone ingehamia tundu la chaji la USB-C mwaka 2023, Umoja wa Ulaya ulikuwa mbioni kupitisha kanuni ya kulifanya tundu hilo kuwa la lazima kwa simu ifikapo mwisho wa mwaka 2024, kwa hiyo swali lilikuwa Septemba ipi tu. Nilimshauri kila aliyeniuliza anunue waya wa USB-C, na huo ndio ushauri wangu pekee wa simu ambao haujawahi kunirudia kwa aibu.

Tetesi inayotawala ninapoandika haya, Desemba 2025, ni ya iPhone ya kukunja. Huyu naye ni mgeni anayetangazwa kila mwaka. Mei 2021 Kuo alitabiri simu ya kukunja ya inchi nane kwa mwaka 2023. Aprili 2022 akasogeza hadi mwaka 2025 mapema kabisa. Na Machi 2025 akatoa maelezo marefu zaidi, yenye vipimo, huku uzalishaji mkubwa akiuweka robo ya mwisho ya mwaka 2026. Kwa maelezo hayo, simu ingefunguka kama kitabu, ikiwa na kioo cha ndani cha inchi 7.8 na cha nje cha inchi 5.5, unene wa milimita 4.5 hadi 4.8 ikiwa imefunguliwa na 9 hadi 9.5 ikiwa imekunjwa, kamera mbili nyuma, na kisoma alama za vidole kwenye kitufe cha pembeni badala ya mfumo wa kutambua uso.

Ninachokipenda katika maelezo hayo ni kwamba vipande vyake vinashikana, na hiki ndicho kipimo changu cha kwanza siku hizi kabla sijamwamini yeyote. Tazama unene. iPhone Air iliyotangazwa Septemba 2025 ina milimita 5.6, na hata hiyo ililazimika kubeba nundu juu ya mgongo wake ili kamera na vifaa vingine vipate pa kukaa. Ukishuka hadi milimita 4.5, mfumo wa kutambua uso, ambao una kamera yake na projekta yake ya nukta nyuma ya kioo, unakosa kina, kwa hiyo ni mantiki kwamba kidole kirudi kazini. Ni mantiki pia kwamba kamera ya kuvuta mbali ikosekane, kwa kuwa lenzi za aina hiyo huhitaji nafasi kuliko zote. Anayekuja kukuvumishia kwamba simu hiyohiyo itakuwa nyembamba kuliko zote, yenye betri kubwa kuliko zote, yenye kamera nne na mfumo wa uso, huyo hajaongea na kiwanda. Ameongea na matamanio yake. Na si kwamba unene huo ni ndoto: Oppo Find N5, iliyotoka Februari 2025, ina milimita 4.21 ikifunguliwa na 8.93 ikikunjwa.

Bei inayotajwa ni zaidi ya dola 2,000, pengine hadi 2,500, nami sioni sababu ya kuitilia shaka, maana Galaxy Fold ya kwanza ya Samsung ilitangazwa Februari 2019 kwa dola 1,980. Kwa shilingi zetu hata hizo dola 2,000 ni takriban milioni tano kabla ya kodi na faida ya muuzaji. Lakini simu hiyo ya Samsung ninaikumbuka kwa jambo jingine. Ilipangwa kutoka Aprili 26, na siku chache kabla, waandishi waliopewa simu za kufanyia tathmini walianza kuonyesha vioo vilivyokufa; baadhi yao walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni protekta ya kiwandani, kumbe ulikuwa sehemu ya kioo chenyewe, na kwingine uchafu uliingia kupitia bawaba na kukisukuma kioo kutoka ndani. Uzinduzi ukasogezwa hadi Septemba. Hakuna tetesi hata moja kati ya nilizosoma kabla ya hapo iliyowahi kusema neno kuhusu uchafu. Tetesi hutuambia inchi, megapikseli na jina la prosesa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi za ununuzi wa vipuri, ilhali mambo yatakayoamua kama simu itaishi mwaka mzima mfukoni mwako hayaandikwi popote mpaka mtu aivunje.

Gharama ya kusubiri nayo ni ya kweli, na kampuni zenyewe zinaijua. Mei 2017 Tim Cook aliwaambia wawekezaji kwamba watu walikuwa wamesitisha ununuzi wa iPhone kutokana na wingi wa taarifa za mapema kuhusu simu zijazo. Huku kwetu athari hiyo ina sura mbili. Kuna wanaosubiri toleo jipya, ambao ni wachache, na kuna wengi wanaosubiri toleo jipya liishushe bei ya mitumba, wale wanaouliza "used ya Dubai" bei gani tangu Julai na kuambiwa na muuzaji, kwa tabasamu, kwamba Septemba itashuka. Hushuka kweli, ila kidogo kuliko wanavyotarajia, kwa kuwa muuzaji naye husoma tetesi zilezile na huwa amepunguza mzigo wake mapema.

Ningeweza kuishia hapo, ila nina deni la kumalizia habari ya setilaiti, kwa sababu hata kama ningempatia shemeji mwaka sahihi bado ningekuwa nimemkosesha. Setilaiti za Globalstar hufanya kazi kama kioo cha kuakisi: hupokea mawimbi kutoka kwenye simu na kuyarudisha chini kwa kituo cha ardhini, na kama hakuna kituo kinachoonekana na setilaiti hiyo wakati huohuo, ujumbe hauna pa kutua. Uwezo uliomo ndani ya simu kwa hiyo ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni vituo, leseni na mikataba ya nchi kwa nchi, na mkondo wa Mafia haukuwamo katika nchi zilizoanza. Angekuwa na kipuri kamili mfukoni na bado angekuwa peke yake baharini.

Mwezi uliopita alinitumia tena ujumbe wa sauti. Abiria mmoja alimwonyesha kwenye boti picha ya simu inayofunguka kama kitabu, akamwambia inakuja ya Apple mwakani, na shemeji ameona kwamba kioo cha inchi karibu nane kingemfaa kusomea ramani za bahari bila kubeba tableti. Safari hii sikumwambia asubiri wala asisubiri. Nilimweleza vipimo, nikamweleza bei, nikamwambia kwamba mwaka 2026 naupa nafasi nzuri kuliko miaka yote iliyotangulia kwa sababu sasa vipande vinashikana, na nikamkumbusha kwa hiari yangu mwenyewe kuhusu wiki tatu za 2021. Alicheka sana. Kisha akauliza swali moja tu: hiyo bawaba, ikikaa siku nzima kwenye upepo wa kusi, chumvi haitaingia? Nikafungua upya kila kitu nilichokuwa nimekihifadhi kuhusu simu hiyo, kurasa kwa kurasa, na nikakuta bawaba imetajwa kwa metali yake, chuma kisichoshika kutu na titani, na imetajwa kwa mkunjo ambao eti hautaonekana. Kuhusu chumvi hapakuwa na mstari.